Kidonda Hakiumi, Hakiponi: Maswali Yenu Kuhusu Usubi

Toleo lililopita nilikuwa naongea mambo ya minyoo, nikagusia vidonda vya usubi, vile vinavyoletwa na kidudu kidogo kinachouma usiku, kwa mistari miwili hivi nikapita, na hiyo mistari miwili ndio imeniletea barua nyingi kuliko minyoo yenyewe. Nimechagua hizi. Waliotuma picha nimewajibu kando, na tafadhalini, picha ya kidonda piga mchana karibu na dirisha, hizo za usiku na tochi ya simu mimi sioni kitu ila mng'aro.

SWALI: Daktari, salamu. Mtoto wangu ana miaka tisa. Mwezi wa nne alitokwa na kakipele kwa shavu karibu na pua, nikasema ni mbu. Kakakua polepole, kakapasuka, sasa ni kidonda cha saizi ya shilingi kumi, katikati kumezama na kando kumeinuka kama mdomo wa kikombe. Kinachonishangaza hakimuumi, anacheza nacho tu. Nimemaliza antibayotiki chupa mbili na tyubu nne za krimu. Jirani ananiambia nikichome na msumari moto vile walifanyia wa kwake. Nifanye nini? – Mama wa watatu, Gilgil

JIBU: Mama, huo msumari urudi kwa sanduku la vifaa kwanza, halafu tuongee.

Vile umekieleza, kipele kinachokua kwa wiki na miezi, kinapasuka, kingo zinainuka, hakiumi, na mahali ni Gilgil, kitu cha kwanza kinachonijia ni lishmania ya ngozi. Sijasema ndiyo yenyewe, nasema ipimwe. Hicho ni kimelea kinacholetwa na usubi, si bakteria, na ndio maana antibayotiki zako hazijafika mahali: zinaua bakteria waliokuja baadaye kujipangishia kwa kidonda, kinakauka siku mbili tatu unafurahi, halafu kinarudi palepale kwa sababu mwenye nyumba hajaguswa.

Na usijilaumu, mimi mwenyewe nilishaanguka hapo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, koti bado jeupe pee, alikuja mzee na kidonda kwa sikio. Nikampa antibayotiki. Akarudi. Nikabadilisha. Akarudi. Mara ya tatu nikaanza kumshuku yeye, nikasema moyoni huyu hamezi dawa. Ni mama mmoja wa maabara, mtulivu sana, aliyeniuliza, "Kwani huyu mzee anakaa wapi?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimemuona mara tatu na sikuwa nimemuuliza anakaa wapi. Tulipomuuliza akatuambia analisha mbuzi kwa miamba yenye mapango, na jua likiwa kali wanaingia mle kupumzika, yeye na mbuzi, mpaka jioni. Kesho yake tulimpima na jibu likatoka saa hiyohiyo. Siku hizi kwa mgonjwa wa ngozi swali la anakaa wapi linatangulia kabla hata ya jina.

Kipimo chenyewe ujue kinavyofanywa, ili usiogope na pia usipunjwe. Hawachukui katikati ya kidonda, hapo kuna usaha na nyama iliyokufa. Wanasafisha, wanatoa gamba, halafu fundi anabana ukingo kwa vidole viwili mpaka ngozi inakuwa nyeupe damu imekimbia, anakwaruza kidogo na kiwembe, majimaji yanayotoka anayapaka kwa kioo, anatia rangi, anaangalia kwa hadubini. Ukipewa nafasi uchungulie utaona seli kubwa imejaa vidude vya mviringo, vidogo sana, na kila kimoja kina nukta mbili ndani, moja nono na nyingine kama kijiti kifupi. Hizo nukta mbili ndio kitambulisho chake. Mtu ambaye hakuambiwa anatafuta nini anaweza kuvipita hivihivi, kwa hivyo ukifika sema wazi: tunatoka Gilgil, kidonda kina miezi kadhaa, hakiumi, naomba mtoto apimwe lishmania.

Ikithibitishwa, dawa iliyozoeleka ni ile ya antimoni, wengi wanaijua kwa jina la Pentostam, inadungwa kwa kingo za kidonda chenyewe, na mnarudi tena na tena kwa wiki kadhaa. Vidonda vikiwa vingi au vimekaa pabaya inadungwa kwa msuli au mshipa kila siku, karibu siku 20, na hapo lazima moyo na damu vichunguzwe, kwa hivyo si dawa ya kununua dukani ukadungiwa nyumbani na mtu wa mtaa. Sikudanganyi, sindano ya usoni inauma na mtoto atalia. Kidonda cha aina ya huko kwenu kinaweza kupona chenyewe, lakini kinachukua mwaka na zaidi, na kwa shavu la mtoto huo mwaka unaacha shimo.

SWALI: Hivi vidonda sisi tumevichoma tangu enzi za baba zetu na vimekauka. Halafu kijana wangu ameniambia hata hospitali za majuu wanachoma. Mbona wao wakichoma ni dawa na sisi tukichoma ni ushamba? – Mzee, Laikipia

JIBU: Mzee wangu, heshima yako, na kijana hajakudanganya. Iko mashine inayopasha ngozi joto la nyuzi 50 kwa sekunde 30, baada ya kutia ganzi, na inafanya kazi vizuri kwa sababu hiki kimelea cha ngozi hakivumilii joto. Kwa hivyo aliyeanza kuchoma zamani hakuwa mjinga, alikuwa ameona kitu.

Shida ni kipimo. Chuma kilichotoka kwa makaa kina joto la mamia ya nyuzi, hakichagui kimelea na nyama nzima, kinaunguza vyote, na ukitoka hapo una kidonda cha moto juu ya kidonda cha usubi. Halafu kuna hili la pili ambalo wengi hawalifikirii: hivi vidonda vingi vina siku zao, vikifika mwaka, mwaka na nusu vinajifunga. Sasa mtu akichoma mwezi wa kumi na kikafunga mwezi wa kumi na tatu, msumari unapewa sifa ambazo si zake. Na wale wanaomwagia maji ya betri, hao sina hata la kuwaambia, hiyo ni asidi, nimeona pua iliyopoteza upande mmoja na haikuwa kazi ya usubi.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Kuna msichana darasani ana makovu mawili usoni na kidonda kibichi kwa mkono, wenzake hawataki kukaa naye dawati moja, na mzazi mmoja amekuja ofisini akisema ati ni ukimwi. Je, anaambukiza?

JIBU: Mwalimu, haambukizi kwa kugusana, kukaa pamoja, kula pamoja wala kuazimana sweta. Kimelea kinapita kwa usubi. Na si ukimwi, huyo mzazi umweleze bila kumgombeza, manake wengi wanaogopa kwa kutojua. Kidonda kifungwe bendeji safi, kwanza kisiingie uchafu, pili macho ya watoto yapumzike, na huyo msichana akae dawati la mbele kama kawaida. Angalia pia kama kuna wengine wanaovaa kofia ama mafulana ya mikono mirefu hata jua likiwaka, mara nyingi huwa wanaficha.

SWALI: Daktari mbona unatuchanganya. Huku kwetu Mahenge usubi ni ugonjwa wa kupofuka, tunagawiwa vidonge kila mwaka. Halafu shemeji yangu wa Mombasa anasema usubi ni vile vidudu vya ufukweni vinavyouma jioni. Ni upi sasa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Shikamoo kwa swali zuri, na kosa ni langu, nilidhani Waswahili wote tunaongea Kiswahili kimoja.

Neno usubi ni la zamani, maana yake vidudu vidogo vinavyouma, na kila mahali watu wamelibandika kwa kidudu chao. Tanzania mradi wa serikali ukaliweka kwa ugonjwa wa macho na ngozi, ule unaoletwa na inzi weusi wa mitoni. Hao inzi wanazaa kwa maji yanayokwenda kasi na wanauma mchana, na vidonge mnavyogawiwa ni kwa ajili ya minyoo wanayoieneza hao inzi, si kwa hiki ninachoongelea mimi. Vile vya shemeji yako vya ufukweni, mara nyingi ni vidudu vingine tena, vinawasha mpaka unataka kuchuna ngozi lakini havileti hiki kidonda.

Huyu wetu wengine wanamwita inzi wa mchanga, na hilo jina limepotosha watu vibaya sana, kwa sababu mtu wa Gilgil akisikia mchanga anawaza bahari, anasema sisi hatumo. Ana rangi ya mchanga tu, basi. Ni mdogo, milimita mbili tatu, kama theluthi ya mbu, ana manyoya, na hamsikii akija, hana ule wimbo wa mbu. Njia rahisi ya kumjua: chukua tochi saa mbili usiku umulike ukuta wa zizi ama ukuta wa udongo wenye nyufa. Ukiona kidudu kimetua na mabawa kimeyainua juu kama herufi V, halafu ukikisogelea hakiruki moja kwa moja bali kinadundadunda, kiruke kidogo kitue, kiruke kitue, ndiye. Mbu akitua analaza mabawa mgongoni.

Na sasa sikiliza hii, ndio kubwa kuliko zote. Huyu hazai kwa maji. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kumwaga maji kwa mikebe na kufukia madimbwi, ni sawa, endelea, lakini kwa usubi hujafanya kitu. Anataga kwa udongo wenye unyevu kidogo na uchafu wa kuoza: mavi ya wanyama, majani, ndani ya mapango, mashimo ya panya, vichuguu, nyufa za ukuta, sakafu ya zizi. Pahali pakavu kabisa ukipaangalia kwa macho, ndani pana kiza na ubaridi, hapo ndipo.

SWALI: Sisi ni wachoma makaa, saa zingine tunalala kwa mapango kwa sababu ya mvua na pia askari wa msitu (usiandike jina). Wanne kati yetu tuna hivi vidonda. Tumeambiwa ni pimbi wanaleta. Tukiwaua wote si itaisha?

JIBU: Jina silijui hata ningetaka kuandika.

Ni kweli pimbi wana mkono hapo. Kwa miamba ya Gilgil na Laikipia, na kule Mlima Elgon kwa mapango, kimelea kinaishi ndani ya pimbi bila kumsumbua sana, usubi anamuuma pimbi, halafu binadamu akija kulala kwa sebule ya pimbi anaumwa yeye. Kumbuka usubi jike ndiye anayeuma, anataka damu ya kutengenezea mayai, na hachomi sindano kama mbu, ana mdomo mfupi, anakata ngozi mpaka kijidimbwi kidogo cha damu kinatokea, anakinywa. Akiwa na vimelea, vinamziba koo, hashibi, anatapika kidogo kwa kidonda anachonyonya, anaenda kujaribu tena pembeni. Ndio maana mtu anakuwa na vidonda vitatu vimejipanga kama vifungo vya shati, ni usubi mmoja mwenye njaa.

Kuua pimbi? Kwanza hamtawamaliza, wanazaa na wanahamia kutoka mwamba mwingine. Pili mkiwapunguza, usubi wale walio ndani ya pango bado wanataka damu na mliobaki ni nyinyi. Dawa ni nyinyi kutoka mle ndani ya pango kabla jua halijazama. Usubi ana nguvu ndogo ya kuruka, kwa kawaida haendi mbali na kwake, na upepo kidogo tu unamshinda, kwa hivyo turubai lililofungwa mahali pa wazi penye upepo, mita mia chache kutoka kwa miamba, ni salama kuliko pango lenye joto zuri. Najua mvua. Najua na hao askari. Lakini umeniuliza.

Na nyinyi wa Elgon mnaosoma hii, aina ya kwenu ni nyingine kidogo, inakaa miaka miwili mpaka mitano, na kwa watu wachache haifanyi kidonda kabisa, inafanya uvimbe uvimbe unaoenea usoni na mwilini, unafanana na ukoma mpaka watu wanatengwa bure. Huo haujiponyi wenyewe, msikae nao nyumbani.

SWALI: Huku Baringo tuna vichuguu kila mahali na hakuna mapango. Je, sisi tuko salama? – Marigat

JIBU: Hapana, na kwenu naomba msome kwa makini kuliko wengine.

Baringo iko na vitu viwili. Kuna ya ngozi inayokaa kwa panya wa mashimo, hiyo kidonda chake kwa kawaida kinapona miezi kadhaa. Halafu kuna kala-azari. Hiyo ni jamaa ya huyohuyo kimelea lakini haikai kwa ngozi, inaingia ndani, kwa bandama, ini na uboho, na usubi wake anapenda hivyo vichuguu ambavyo watoto wanakalia jioni wakichunga mbuzi. Ndiyo pia ya Pokot Magharibi, Turkana, Kitui, Wajir na Marsabit. Dalili ni homa isiyoisha wiki baada ya wiki, dawa za malaria zimekunywewa zimeisha, mtoto anakonda mikono na miguu huku tumbo linavimba upande wa kushoto. Ya ngozi inaharibu sura. Hii bila matibabu inaua, Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 95 ya wasiotibiwa wanakufa. Iko kipimo cha haraka cha tone la damu, na matibabu ni sindano za aina mbili kwa siku 17, na watu wanapona wanarudi kuchunga. Mtoto akiwa na homa ya wiki mbili na tumbo limejaa usisubiri siku ya soko, nenda leo.

SWALI: Neti za malaria tulizopewa zinazuia usubi ama hapana? Mtu wa afya ya jamii alisema ndio, bwanangu anasema amewaona wakipita.

JIBU: Wote wawili wamesema kweli, msigombane. Tundu la neti ya kawaida ni kubwa kwa kidudu cha namna hii, anajipenyeza. Lakini neti iliyotiwa dawa na dawa haijaisha, akijipenyeza anaigusa na wengi hawafiki upande wa pili. Kwa hivyo neti yenye dawa inasaidia, nzee iliyofuliwa mara thelathini na sabuni ya kufulia nguo za shamba ni pambo tu. Kama utashona mwenyewe tafuta kitambaa cha matundu madogo zaidi, ingawa kitaleta joto.

Mimi ningeanza na ukuta. Ziba nyufa kwa udongo na mavi ya ng'ombe yaliyokandwa vizuri ama simiti kama mfuko unaruhusu, ndani na nje, sogeza zizi mbali na chumba cha kulala, fagia chini yake, na kuni usizipange kwa ukuta wa chumba. Feni kwa mwenye stima inafaa sana, nimeshasema wanashindwa na upepo. Jioni vaa mikono mirefu. Moshi wa jikoni unawapunguza lakini utakuharibia kifua, siupendekezi.

SWALI: Daktari, niko Saudia, nafanya kazi za nyumbani huku Al-Ahsa. Nina kidonda kwa kifundo cha mguu miezi mitatu sasa, hakiumi. Madam anasema ni kitu cha kawaida, hata yeye ana kovu la utotoni. Nimesoma mistari yako miwili nikashtuka, kwani huku pia wako? Na nikipona nitakipata tena?

JIBU: Dada yangu, wako, tena huko ni kwao kwa zamani kabisa. Al-Ahsa na mashamba yake ya mitende inajulikana kwa ugonjwa huu, panya wa jangwani ndio wanaoufuga. Kwa Waarabu una majina kibao, kuna kidonda cha Baghdad, kuna kidonda cha Halab, kila mji umepewa kidonda chake. Madam hajakosea kusema ni kawaida, ila kawaida ya kwao wanaenda kliniki, na wewe uende.

Kupata tena: aina ya huko, aliyepona kabisa kwa kawaida mwili unaikumbuka na hairudi. Watu wa Mashariki ya Kati walilijua hili kabla ya madaktari, kuna waliokuwa wanachukua majimaji ya kidonda wanamwekea mtoto mahali panapofunikwa na nguo, apate kovu la kujificha asije akalipata usoni. Iran miaka ya 1980 wakati wa vita na Iraki waliwadunga watu wengi sana kwa njia hiyohiyo, wakaacha kwa sababu wengine walibaki na vidonda visivyofunga. Chanjo ya kisasa ya binadamu haipo bado. Lakini kinga hiyo ni ya aina hiyo, usije ukarudi nyumbani ukalala kwa pango la Gilgil ukisema mimi nimeshachanjwa Saudia.

Mwambie madam akupeleke wiki hii, na huko kliniki waambie una miezi mingapi hapo na kama umetumwa shambani jioni, hata kama ni mara moja. Ukirudi Kenya kabla hakijafunga, nako utaje Al-Ahsa kwa daktari, manake dawa inachaguliwa kwa aina ya kimelea, na hakuna mtu atakuuliza kuhusu mitende ya Saudia kama hujaanza wewe.